Kwa nini jokofu hugoma kuwaka umeme unaporudi

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

UMEME unaporudi baada ya kukatika, miongoni mwa sauti za kwanza kusikika katika nyumba nyingi za mijini ni ya jokofu. Katika nyumba moja husikika mlio mfupi, kisha mngurumo mwepesi unaoendelea, na wenye nyumba huendelea na shughuli zao. Katika nyumba ya jirani husikika mngurumo mzito wa sekunde chache, mlio wa 'ta', kisha kimya. Baada ya muda mngurumo hurudi, 'ta' hurudi, na kimya hurudi.

Kwa familia ya nyumba hiyo ya pili, huo huwa mwanzo wa hasara. Samaki walionunuliwa asubuhi katika soko la Feri hawatafika kesho, na maziwa ya mtoto hayatafika jioni. Kwa mama anayeuza barafu na maji baridi barazani kwake, jokofu lililogoma ni mtaji uliosimama. Fundi anapoitwa, mara nyingi hutoa jibu moja: kompresa imekufa, inunuliwe nyingine.

Wakati mwingine jibu hilo huwa la kweli. Wakati mwingine, hata hivyo, kompresa huwa nzima kabisa, na kilichoharibika ni kifaa kidogo kilichobandikwa ubavuni mwake, ambacho bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kompresa. Ili kutofautisha hali hizo mbili, mwenye jokofu anahitaji kuelewa namna mota iliyomo ndani ya kompresa inavyoanza kuzunguka. Kazi ngumu kuliko zote kwa mota hiyo ni kuanza; ikishaanza, kuendelea ni kazi nyepesi.

Umeme wa njia moja na wa njia tatu

Nyumba nyingi nchini hupokea kutoka Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) umeme wa volti 230 wa njia moja, yaani waya mmoja wenye moto na mwingine wa nyutro. Umeme huo ni wa mkondo geu. Hauendi upande mmoja tu, bali huenda na kurudi, mizunguko 50 katika kila sekunde.

Viwandani na katika mashine kubwa za kusaga nafaka hutumika umeme wa njia tatu. Huko nyaya tatu za moto hupokezana: mmoja hufikia kilele, kisha wa pili, kisha wa tatu, kila mmoja ukiwa nyuma ya mwenzake kwa theluthi ya mzunguko. Kupokezana huko ndiko kunakozungusha mota. Nyaya hizo zinapopitishwa katika koili zilizopangwa kwa mviringo, nguvu ya sumaku huhama kutoka koili moja hadi nyingine, na hivyo kuunda uga wa sumaku unaozunguka.

Kanuni ya uga unaozunguka ilielezwa na wataalamu wawili ambao kila mmoja alifanya kazi yake bila kumtegemea mwenzake. Mmoja ni Galileo Ferraris wa Italia, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1888. Mwingine ni Nikola Tesla, aliyepewa hataza za mota zake nchini Marekani mwaka huo huo. Mwaka 1889 mhandisi Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, aliyekuwa akifanya kazi Ujerumani, alibuni mota ya njia tatu yenye rota ya umbo la kizimba. Rota, yaani sehemu inayozunguka, katika majokofu mengi ya leo bado ni ya umbo hilo: mabamba membamba ya chuma yaliyopangwa pamoja, yakipitiwa na fito za metali zilizounganishwa kwa pete miishoni. Hakuna waya unaoifikia kutoka nje. Umeme ulio ndani yake huamshwa na sumaku ya koili zinazoizunguka.

Tatizo la nyumbani ni kwamba umeme wa njia moja hauna wa kupokezana naye. Katika koili moja, sumaku hupata nguvu, hupungua, hugeuka upande wa pili, kisha hurudia, bila kuzunguka. Rota iliyosimama husukumwa kulia na kushoto kwa nguvu zinazolingana, na matokeo yake ni kutetema na kunguruma mahali pamoja.

Mfano wa cherehani

Hali hiyo inaeleweka kwa urahisi kwa yeyote aliyewahi kumtazama mshonaji akitumia cherehani cha miguu. Kanyagio la cherehani huenda juu na chini tu, lakini gurudumu linatakiwa kuzunguka. Ndiyo maana mshonaji hulisukuma gurudumu kidogo kwa mkono kabla ya kukanyaga. Likishaanza, kanyagio lile lile lisilojua kuzunguka huliendesha mchana kutwa. Asipolisukuma, linaweza kukwama, au kurudi nyuma na kukata uzi.

Pangaboi ambalo kapasita yake imekufa huonyesha jambo hilo hilo. Huwashwa likanguruma bila kuzunguka. Panga likisukumwa kidogo, huanza kuzunguka taratibu, tena kwa upande wowote liliosukumiwa. Umeme wa njia moja unaweza kuendeleza mzunguko wa pande zote mbili, ila hauwezi kuchagua upande wala kuanza.

Kompresa ya jokofu haina pa kusukumia. Mota na pampu yake vimefungiwa pamoja ndani ya kopo la chuma lililochomelewa, pamoja na gesi ya kupozea na mafuta ya kulainisha. Mkono wa kuisukuma lazima uwe wa umeme, na lazima ufanye kazi hiyo kila mara jokofu linapowaka, usiku na mchana, kwa miaka mingi.

Koili mbili, kazi mbili

Mkono huo ni koili ya pili. Ndani ya mota kuna koili ya kuendeshea, iliyosukwa kwa waya mnene wenye ukinzani mdogo, na koili ya kuanzishia, iliyosukwa kwa waya mwembamba wenye ukinzani mkubwa. Koili hizo huwekwa kwa pembe ya nyuzi 90.

Kwa sababu ukinzani wake hutofautiana, mkondo haufikii kilele katika koili zote mbili kwa wakati mmoja. Ule wa koili ya kuanzishia hutangulia, na ule wa koili ya kuendeshea hufuata nyuma kidogo. Hapo hupatikana kupokezana kulikokosekana, na uga wa sumaku huanza kuzunguka, ingawa si kwa ulaini wa njia tatu. Rota huufuata.

Katika jokofu dogo kazi hiyo kwa kawaida humalizika kabla ya sekunde moja kutimia. Mota inapofikia takriban robo tatu ya kasi yake, koili ya kuanzishia haihitajiki tena na ni lazima itolewe, kwa kuwa waya wake mwembamba haukukusudiwa kubeba mkondo mkubwa kwa muda mrefu. Ikibaki ndani, hupata moto na kuungua. Mota huendelea na koili moja hadi kufikia mizunguko inayokaribia 2,900 kwa dakika.

Anayeitoa koili hiyo ni kile kifaa kidogo kilicho ubavuni mwa kompresa, ambacho mafundi hukiita rilei. Rilei ni za aina mbili kuu.

Aina ya zamani ni ya sumaku. Mkondo mkubwa wa kuanzia hupita katika koili yake na kunyanyua kipande cha chuma, ambacho huunganisha koili ya kuanzishia. Mota inaposhika kasi, mkondo hupungua, chuma hudondoka, na muunganisho hukatika. Kwa kuwa hutegemea kudondoka kwa chuma hicho, rilei hiyo hufanya kazi sawasawa ikiwa imekaa wima tu.

Aina ya pili, iliyomo katika majokofu mengi ya miaka ya karibuni, ni kidonge cha kauri kinachofahamika kwa herufi PTC. Kikiwa cha baridi, hupitisha umeme kwa urahisi. Umeme huo huo hukichemsha mara moja, na kikifikia joto lake maalumu ukinzani wake hupanda ghafla maelfu ya mara, hivyo koili ya kuanzishia hubaki na mkondo mdogo sana. Hakina kitu kinachochezacheza wala cheche. Hata hivyo, hakiwezi kuanzisha mota tena hadi kipoe, na kupoa huchukua dakika kadhaa.

Mahali pa kapasita

Kwa friza kubwa, majokofu ya vinywaji ya madukani na mashine za barafu, tofauti ndogo ya mikondo inayoletwa na ukinzani pekee haitoshi, kwa kuwa mzigo wa kuanzia ni mzito. Hapo huongezwa kapasita katika njia ya koili ya kuanzishia. Kapasita huutanguliza mkondo wa koili hiyo hadi tofauti ya mikondo miwili ikakaribia nyuzi 90, na mota hupata msukumo mkubwa zaidi. Kapasita ya kuanzishia hutengenezwa kwa kazi ya sekunde chache. Rilei ikiganda na kuiacha ndani, hupasuka, au koili huungua.

Viyoyozi vingi vya kawaida hutumia kapasita ya aina nyingine, ile ya kuendeshea, ambayo haitolewi kabisa. Kwa njia hiyo koili zote mbili hufanya kazi muda wote, mota huenda kwa ulaini na hupunguza upotevu wa umeme. Udhaifu wake ni kwamba msukumo wa kuanzia huwa mdogo. Ndiyo maana viyoyozi vingi huwekewa kichelewesho cha dakika tatu hivi kabla ya kompresa kuwaka tena.

Sekunde ya hatari

Rota ikiwa imesimama, mota huvuta mkondo mara tano hadi nane ya ule wa kawaida. Jokofu linalotumia ampea moja likiwa katika mwendo linaweza kuvuta ampea sita linapoanza. Joto katika waya hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo, hivyo mkondo ukizidi mara sita, joto huzidi mara 36. Mota ikianza ndani ya sekunde moja, joto hilo halipati muda wa kujikusanya. Ikikwama, kila sekunde inayopita huchoma varnishi inayozitenganisha nyaya za koili.

Mlinzi wa mwisho ni kifaa kinachoitwa ovalodi, chenye bamba la metali mbili zinazotanuka kwa viwango tofauti. Likipata moto, bamba hujikunja na kukata umeme. Huo ndio mlio wa 'ta'. Likipoa hurudi mahali pake, na mota hujaribu tena. Jokofu linalofanya hivyo usiku kucha huwa linaipika mota yake kidogo kidogo.

Kuna sababu tatu kubwa zinazoifanya mota nzima ikwame, na zote hukutana umeme unapokatika na kurudi haraka.

Ya kwanza ni gesi. Kompresa inapofanya kazi, upande mmoja wa mabomba huwa na presha kubwa na mwingine presha ndogo. Inaposimama, presha hizo hulingana polepole kupitia mrija mwembamba, na kazi hiyo huchukua dakika tatu hadi tano hivi. Umeme ukirudi baada ya nusu dakika, pampu hutakiwa kuanza huku ikisukuma presha ambayo bado haijashuka.

Ya pili ni kidonge cha kauri. Ikiwa bado ni cha moto, koili ya kuanzishia haipati mkondo wa kutosha, na mota hubaki na koili moja isiyoweza kuizungusha.

Ya tatu ni volteji ndogo. Nguvu ya mota ya kuanzia hupungua kwa kipeo cha pili cha volteji. Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 180, mota hubakiwa na asilimia 61 tu ya nguvu hiyo. Ukishuka hadi 160, hubakiwa na chini ya nusu. Volteji hushuka katika nyumba zilizo mbali na transfoma, saa za jioni ambapo matumizi ni makubwa, na katika nyumba za kupanga ambako jokofu hulishwa na waya mrefu na mwembamba wa ekstensheni. Hushuka pia umeme unaporudi, kwa kuwa majokofu ya mtaa mzima hutaka kuanza kwa wakati mmoja.

Katika vipindi vya mgawo wa umeme, kama ule wa mwaka 2006 uliotokana na ukame uliopunguza maji ya mabwawa, na ule wa mwaka 2011, malalamiko mengi yalihusu saa za giza. Kwa mota ya kompresa, saa za giza hazina madhara. Hatari yake ni umeme unaporudi, hasa ukirudi kwa kukatikakatika.

Kinga isiyo ya gharama

Hatua ya kwanza haina gharama yoyote: umeme ukikatika, jokofu lichomolewe au lizimwe ukutani. Ukirudi, lisubirishwe dakika tano hadi kumi. Katika muda huo presha hulingana, kidonge cha kauri hupoa, na volteji ya mtaa hupata kutulia.

Kwa asiyekuwapo nyumbani mchana, vipo vifaa vya kulinda jokofu, maarufu kama 'friji gadi', ambavyo hukata umeme volteji inaposhuka au kupanda kupita kiasi, na husubiri dakika kadhaa kabla ya kuurudisha. Kifaa hicho hakipandishi volteji. Mahali ambapo umeme ni hafifu kila siku, kinachohitajika ni stebilaiza yenye uwezo wa kubeba mkondo wa kuanzia, na si ule wa kawaida pekee.

Kosa la kupima kwa mkondo wa kawaida huwapata pia wanunuzi wa jenereta ndogo na mitambo ya umeme wa jua. Jokofu lenye maandishi ya wati 150 linaweza kudai mara kadhaa ya kiasi hicho linapoanza. Jenereta isiyo na akiba hiyo hulemewa, volteji yake hushuka, na mota hukwama.

Maswali ya kumuuliza fundi

Kabla ya kukubali kununua kompresa mpya, mwenye jokofu ana haki ya kumwomba fundi apime koili mbele yake. Kazi hiyo hufanywa jokofu likiwa limechomolewa na rilei ikiwa imetolewa. Ubavuni mwa kompresa huonekana pini tatu: ya pamoja, ya koili ya kuendeshea na ya koili ya kuanzishia.

Katika mota nzima, kipimo kati ya pini ya pamoja na ya kuendeshea huwa ndicho kidogo kuliko vyote. Kati ya ya pamoja na ya kuanzishia huwa kikubwa zaidi. Kati ya ya kuendeshea na ya kuanzishia huwa sawa na jumla ya viwili vya kwanza. Kwa mfano, vipimo vikiwa omu 15 na omu 25, cha tatu kinapaswa kukaribia 40. Aidha, pasiwepo mawasiliano yoyote kati ya pini na kopo la chuma.

Vipimo vikikaa hivyo, koili hazijakatika wala hazigusi chuma, na inayopaswa kushukiwa kwanza ni rilei, ovalodi au kapasita. Kidonge cha kauri kilichopasuka, mara nyingi, hulia kama kokoto rilei inapotikiswa. Kipimo kimoja kikikosekana kabisa, au pini ikiwasiliana na kopo, kompresa imekwisha kweli. Inawezekana pia koili zikawa nzima na pampu ikawa imekwama. Hilo hubainika baada ya kujaribu rilei mpya iliyo sahihi.

Kwa vyovyote vile, kazi hiyo ni ya fundi. Kapasita huweza kuhifadhi umeme hata baada ya jokofu kuchomolewa, na majokofu mengi mapya hutumia gesi ya R600a ambayo hushika moto. Kifaa kinachobadilishwa kiwe cha aina iliyoelekezwa na mtengenezaji. Fundi anayependekeza kuiruka ovalodi na kuunga waya moja kwa moja akataliwe, kwa kuwa mota itakayokwama siku hiyo haitakuwa na cha kuizuia isiungue.

Majokofu ya inveta yanayozidi kuenea madukani yamelikwepa tatizo hili kwa njia nyingine. Umeme wa njia moja hubadilishwa kwanza kuwa wa mkondo mnyoofu, kisha kuundwa upya kuwa wa njia tatu, na mota huanza polepole bila kuvuta mkondo mkubwa. Lakini saketi zake zinaweza kuharibiwa na umeme unaoruka ghafla, hivyo nayo huhitaji kulindwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jokofu la kawaida, ufa ni rilei iliyochoka na umeme uliorudishwa kwa pupa. Ukuta ni koili iliyoungua, mafuta yaliyochafuka, mabomba ya kusafishwa, gesi ya kujazwa upya na kompresa ya kununuliwa. Anayesikia 'ta' ya kwanza na kwenda kuchomoa jokofu ukutani huenda akauepuka ukuta huo.